Simu Inaita, Kazi Imekwisha

Usiku wa jana, mimi ambaye si mtu wa ndoto, niliota ruta ya hospitali imeniandikia barua ya kunitaka nijieleze.

Barua ilikuwa na nembo, kumbukumbu namba na mhuri, kama barua zote za kumharibia mtu wiki. Ilisema: "Yah: Sauti ya mtu iliyokwama ndani yangu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kufika bila kukosa na kueleza kwa nini usichukuliwe hatua." Chini ilikuwa imesainiwa kwa taa mbili za kijani, moja inawaka, nyingine inapepesa.

Naitwa Eliakimu Mmbaga. Ni fundi wa simu wa hospitali ya wilaya, peke yangu, mwaka wa kumi na nne huu. Ijumaa nilifunga ruta mpya. Kwa asiyeijua, ni kisanduku cheusi kinachopokea simu zote zinazotoka nje na kuzigawa wodini. Siku hiyohiyo zahanati zote kumi na saba za milimani zilipewa namba moja tu ya kuitia gari la wagonjwa, nayo inaita kwenye meza ya dharura kwa kupitia kisanduku hicho. Namba za zamani zikafutwa.

Saa kumi jioni niliijaribu. Nilipiga kwa simu yangu ya mkononi, nikasikia inaita, Sista Elineema akapokea na kusema "Haloo, dharura," nami nikakata. Ndivyo tufanyavyo mafundi wa simu. Ukisikia haloo umeshapata jibu lako, huna sababu ya kumpotezea mtu muda kwa maongezi. Wauguzi nao wametuzoea. Simu ikiita na mtu asiseme kitu, wanaambiana "ni mafundi" na kurudisha mkonga wa simu mahali pake. Niliandika kwenye kitabu cha kazi: "Simu inaita. Kazi imekwisha." Nikasaini, nikaenda zangu kula.

Basi, katika ndoto naitia barua mfukoni na kwenda chumba cha mitambo. Ni mchana mweupe. Jua linaingia dirishani, na ruta imekaa kwenye rafu yake miguu inaning'inia. Sikushangaa kwamba ina miguu. Nilishangaa kwamba imevaa soksi.

"Umechelewa," ruta ikasema.

"Nimepata barua sasa hivi."

"Niliiandika Ijumaa. Sogea hapa, weka sikio."

Nikaweka sikio kwenye tundu la waya wa tatu. Ndani kabisa, mbali, mwanamke alikuwa anasema. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kusema mara nyingi na ameamua kutochoka.

"Ni muuguzi wa zahanati ya Kwekibaa," ruta ikasema. "Anaitwa Nakijwa. Alipiga kuomba gari. Mlio wake ulipita, sauti haikupita."

"Haiwezekani. Nilijaribu mwenyewe."

"Ulijaribu kusikia. Kusema hukujaribu."

Nilikasirika. Nina cheti, nina bisibisi zangu mwenyewe, na sikuzoea kukosolewa na kitu nilichokifunga kwa skrubu nne. Nikaiambia ruta kwamba mlio ukipita, na mtu akipokea, simu ni nzima. Hata mtoto anajua.

"Mlio una mlango wake na sauti ina mlango wake," ruta ikajibu. "Unajua hivyo. Ulifundishwa na ukafaulu kwa daraja la pili. Ingia ukamchukue, mimi mikono sina."

Kweli, mikono haikuwa nayo. Nikaingia kwenye tundu la waya wa tatu, bega la kulia kwanza.

Ndani ni korido ya zahanati, rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu. Sakafuni, chini ya mizani ya kupimia watoto, iko sauti ya Nakijwa. Ina ukubwa wa mtoto mchanga na imeviringishwa kitenge. Haina uso. Kifuani imeandikwa namba nne kwa chaki.

"Haloo," inasema. "Haloo, dharura? Mnanisikia?"

"Nakusikia, dada. Mimi ni fundi."

"Kaka fundi, mimi sihitaji fundi. Nahitaji gari. Nina mama hapa anaitwa Nambike, ana miaka ishirini na miwili. Alibeba mapacha. Mmoja ametoka, wa pili amelala vibaya, na damu haikati. Namba ya dereva imefutwa, wanasema nipige hii. Nimepiga hii."

"Walipokea?"

"Walipokea vizuri tu. Walisema haloo. Nikaeleza yote tangu mwanzo. Wakasema haloo tena. Nikaeleza tena. Wakakata."

Nikaiokota. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ya moto.

"Hiyo namba kifuani ni ya nini?" nikauliza.

"Ni milango. Kila mlango unapunguza moja. Ikifika sifuri natupwa. Ndiyo sheria, ili sauti zisizofika zisizagae humu milele."

Sheria hiyo naijua. Nimewahi kuifundisha kwa mtu, tena kwa furaha, kwa sababu ni sheria nzuri. Nikaikumbatia sauti na kuanza kutembea haraka.

Mlango wa kwanza ulikuwa na meza, na nyuma ya meza kulikuwa na Afisa wa Kimya. Alikuwa mkasi mkubwa uliofunga tai.

"Weka mezani," mkasi ukasema. "Sema."

Sauti ikasema: "Nambike ana hali mbaya." Halafu ikanyamaza kidogo, ikavuta pumzi, na katika kuvuta pumzi mtu angeweza kusikia kila kitu: jinsi Nakijwa alivyokuwa amepiga magoti, jinsi alivyobana kitambaa kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mkono mwingine, jinsi alivyokuwa anaogopa.

Mkasi ukaikata ile pumzi na kuitupa kwenye ndoo.

"Hiyo ilikuwa ya nini?" nikauliza.

"Kimya hakisafirishwi. Tunasafirisha maneno tu."

"Hicho hakikuwa kimya. Alikuwa anahema."

"Hapakuwa na neno," mkasi ukasema. Ukafuta namba nne, ukaandika tatu. Ndooni mlikuwa mmejaa pumzi za watu. Zilipanda na kushuka pamoja, na mimi nikapita bila kuzitazama.

Mlango wa pili ulikuwa wa Karani wa Mwangwi. Huyu alikuwa sikio, sikio moja tu, limekaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu na linazunguka polepole.

"Kazi yangu ni kuondoa marudio," sikio likasema. "Mtu asisikie sauti yake mwenyewe ikimrudia. Ni usumbufu. Endelea."

"Njooni, njooni," sauti ikasema. "Tafadhali, njooni."

"Njooni ni moja," sikio likasema na kuyafuta mengine mawili.

"Anasisitiza," nikasema. "Harudii kwa bahati mbaya, anaomba."

"Fundi, wewe ndiye uliyenileta na ukanipa maelekezo. Uliandika: kila linalofanana na lililotangulia lifutwe. Hukuandika: isipokuwa mtu akiomba."

Sikio likafuta tatu na kuandika mbili. Nilipoinyanyua sauti, ilikuwa imepungua uzito. Mtu mwingine angefurahi, kwa kuwa mkono ulikuwa umeanza kuniuma. Mimi niliogopa.

"Kaka fundi," sauti ikasema, "bado mbali?"

"Si mbali. Meza ya dharura iko hatua hamsini kutoka chumba changu."

"Mbona tunatembea sana?"

"Ndivyo zinavyosafiri simu," nikasema. Ni jibu ninalowapa watu wote wanaoniuliza maswali.

Korido ikaisha, na hapo hapo nikawa nimesimama kwenye uwanja wa gwaride wa shule yangu ya msingi. Vumbi lilelile, mlingoti uleule. Maneno ya Nakijwa yameshuka kutoka mikononi mwangu na yanajipanga mstari mbele ya kiranja, ambaye ni kengele. Maneno yana sare. *Damu* limevaa soksi ndefu. *Nambike* limenyoa kipara. Yanapangwa upya kwa zamu, kwa maana njiani kila moja lilipita njia yake na hayakufika kwa mpangilio.

"Hesabu!" kengele ikaamuru.

"Gari!" "Kwekibaa!" "Mama!" "Alibeba!"

Hapo pakawa na pengo. Mstari mzima ukageuka kutazama barabarani. Kwa mbali neno *mapacha* lilikuwa linakuja likikimbia, miguu ina tope mpaka magotini, begi linapiga mgongoni. Lilikuwa limezunguka njia ya juu, ile ndefu.

Kengele ikalia.

"Muda umekwisha," ikasema. "Aliyechelewa harudi mstarini."

"Ni hatua tano tu," nikasema. "Linafika hilo."

"Tukilingoja, wote watachelewa. Pengo tunalijaza kwa aliyetangulia."

Ikalishika neno *alibeba* na kulisimamisha mara ya pili, kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Sentensi ikawa: mama alibeba alibeba, mmoja ametoka. Neno *mapacha* likafika, likasimama nje ya mstari wa chokaa, likihema. Hakuna aliyeligeukia. Nilipokusanya maneno mengine na kuyarudisha kwenye kitenge, lile lilibaki pale limeshika kamba za begi lake.

"Nimesahau kitu," sauti ikasema mikononi mwangu. "Nilikuwa na kitu cha muhimu cha kusema kuhusu huyu mama."

"Ulisema ni mapacha."

"Hapana," ikasema. "Silijui hilo neno."

Kifuani ilikuwa imeandikwa moja.

Nikakimbia. Uwanja ukageuka lami, lami ikafika getini, na geti lilikuwa la hospitali yetu, lilelile lenye bawaba iliyolegea. Ng'ambo ya nondo, karibu kiasi cha kumgusa mtu ukinyoosha mkono, niliiona meza ya dharura. Sista Elineema ameketi. Mbele yake simu ya mezani, kalamu, na kikombe cha chai kilichofunikwa kisosi. Nyuma yake dirishani linaonekana gari la wagonjwa. Limeoshwa, lina mafuta, na dereva amelala kwenye kiti chake akingoja kuambiwa.

Upande wetu kuna benchi. Juu ya benchi wamekaa watu, au niseme sauti za watu, kila mmoja na kitenge chake au shuka lake. Nikazihesabu, kwa kuwa fundi huhesabu kila kitu. Zilikuwa nane.

"Na hiyo yako ya tisa," mlinzi akasema. Mlinzi alikuwa kitasa cha shaba kilichovaa koti la mvua. "Tisa tangu Ijumaa. Wote walipiga, wakapokelewa, wakakatiwa."

"Mimi mtoto wangu amemeza betri," sauti ya kwanza ikaniambia.

"Mimi baba ameanguka juani na hajaamka," ikasema ya pili.

"Mimi nilitaka tu kuuliza saa ya kuona wagonjwa," ikasema ya mwisho kwa aibu. "Mimi naweza kungoja."

Nikamwambia mlinzi afungue.

"Nina orodha," mlinzi akasema na kuikunjua. "Naisoma kutoka juu kwenda chini. Mlio wa kuita kutoka nje: upite. Sauti kutoka ndani, iende wodini au nje: ipite. Basi."

"Na sauti kutoka nje?"

"Haipo kwenye orodha."

"Haijakatazwa pia."

"Nikifika mwisho wa orodha sijamwona mtu, mtu huyo amekataliwa. Si lazima iandikwe. Unalijua hilo, fundi, maana huu ni mwandiko wako."

Ulikuwa mwandiko wangu. Ile *k* yangu yenye mguu mrefu, na tarehe ya Ijumaa, saa tisa na dakika hamsini. Nilikuwa nimeiandika haraka haraka ili wahuni wa mtandaoni wasiingie kwenye simu za hospitali, na nilikuwa na njaa.

"Niliandika ili kuzuia wahuni," nikasema.

"Wahuni hawakuingia," mlinzi akajibu. "Hata mmoja. Hongera."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Nikatoa kalamu, nikainyang'anya orodha, nikaandika chini kabisa kwa herufi kubwa: SAUTI KUTOKA NJE IPITE. Mlinzi akaichukua, akaisoma kutoka juu, akafika chini, akaikunja.

"Umeandika baada ya mwisho," akasema. "Baada ya mwisho sisomi."

"Basi niandike juu."

"Juu hakuna nafasi."

Kweli juu hakukuwa na nafasi. Nembo ilikuwa imeijaza yote. Na nilipojaribu kuichana karatasi, ilikuwa bati.

Ng'ambo ya geti simu ikaita. Ilikuwa simu ya Nakijwa, nadhani, akipiga tena kutoka kule, kwa vile mlio ulipita kati ya nondo na kunigusa shavuni kama upepo wa feni. Sista Elineema akainua mkonga.

"Haloo, dharura."

"Sema!" nikaiambia sauti. "Sema sasa!"

"Haloo, Sista," ikasema. "Ni Kwekibaa. Mama alibeba alibeba. Gari. Njooni."

"Haloo?" akasema Sista.

Nikapiga kelele. Nikatikisa nondo, nikamwita kwa jina lake na la baba yake, nikamwambia kwamba hao si mafundi, fundi niko hapa, mtazame huyu ndiye fundi. Sista Elineema akatazama mkonga kama mtu anavyotazama kijiko kilichodondoka.

"Ni mafundi," akamwambia mwenzake. Akauweka chini, akafunua chai yake.

"Wamesema nini?" sauti ikaniuliza.

Nikaiviringisha kitenge vizuri.

"Kaka fundi, sisikii vizuri. Wamesema nini?"

"Wamesema haloo."

"Ah," ikasema, na nikaisikia ikilegea mikononi kwa nafuu. "Basi wanakuja. Ngoja nimwambie Nambike kwamba wanakuja."

Mlinzi akapitisha kidole cha shaba kifuani mwa sauti na kufuta ile moja. Hakuandika kitu kingine. Kitenge kikawa chepesi, kisha kikawa kitenge tu. Nikakikunja mara nne, vizuri, pembe kwa pembe, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

"Kaa," mlinzi akasema. "Umechosha watu kwa kusimama."

Mwishoni mwa benchi, baada ya nafasi ya Nakijwa, kulikuwa na nafasi nyingine iliyobandikwa karatasi: *Mmbaga E., wa kumi.* Nikakaa. Sauti iliyotaka kujua saa ya kuona wagonjwa ikasogea kidogo kunipisha.

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi, Jumapili. Jua limeingia chumbani, kengele ya kanisa inalia, na jikoni mke wangu anakoroga uji. Mwili mzima ulikuwa umelowa jasho. Nikajiambia kwamba ni ugali wa usiku. Halafu, kwa kujiridhisha tu, nikachukua simu ya mkononi juu ya stuli na kupiga namba ya dharura.

Ikaita. Iliita vizuri sana, mlio safi, kama nilivyoandika kitabuni.

"Haloo, dharura," akasema Sista Elineema.

Kidole changu kilikwisha kwenda kwenye kitufe cha kukata. Nikakirudisha.

"Sista, ni mimi Mmbaga, fundi. Usiweke chini. Kuna mtu amepiga kutoka Kwekibaa?"

"Haloo?"

"Nakusikia, Sista. Wewe unanisikia?"

"Haloo... Mbona husemi?"

Nikasema. Nikasema kwa nguvu mpaka mke wangu akaja mlangoni na mwiko mkononi. Upande wa pili nikasikia kiti kikivutwa, kijiko kikigonga kikombe, na sauti ya mwanamke mwingine ikiuliza kwa mbali ni nani huyo asubuhi yote hii.

"Ni mafundi," akasema Sista Elineema. "Hii ya kumi tangu Ijumaa."

Akarudisha mkonga.